Jino la Mjomba

Nina hasira, na kwetu hasira hazikuwa ajabu. Bondeni Gwata, ambako baba analima nyanya na bamia, nimeona watu wazima wakipasuana vichwa kwa sababu ya maji tangu sijajua kuvaa viatu. Pampu ya kikundi ni moja, mashamba ni saba, na kiangazi hakina huruma. Mwaka mmoja jirani yetu alikatwa sikio kwa panga. Alifunga kichwa kwa khanga ya mkewe, akarudi kumwagilia. Siku hizi ndiye mwenyekiti wa kikundi.

Kwa hiyo nilipojua kompyuta niliwatengenezea mfumo wa zamu. Kila shamba lina siku yake. Jua likizama, ujumbe unaingia kwenye simu ya mwenye zamu. Mkutanoni walinyoosha mikono wote, tukaweka sheria moja tu: mwenye ujumbe ndiye mwenye maji, mwingine akigusa pampu ni mwizi. Misimu miwili hakuna aliyetoka damu. Nilivimba kichwa, siwezi kukataa.

Riziki yangu lakini ni kazi nyingine, naifanyia chumbani kwangu mjini, Tangini. Tovuti nyingi hujengwa juu ya kiunzi, yaani msingi ambao wengine wameshauandika ili wewe usianze na tofali la kwanza. Toleo jipya la kiunzi likitoka, programu zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani huanza kuvunjika. Mimi naandika vibadilishi: programu zinazoingia ndani ya programu za watu, zinatafuta mistari ya kizamani, zinaifuta na kuandika ya kisasa bila mkono wa mtu. Ina ukatili wake kazi hii, na niliipenda kwa ajili hiyo. Unachinja mistari ya watu na wanakushukuru.

Kila kibadilishi hukijaribu kwanza kwenye kazi zangu mwenyewe. Safari hii nilianza na mfumo wa bondeni. Ndani yake kulikuwa na mstari niliouandika zamani: jua likishazama, hesabu siku inayofuata. Wazee wa bondeni ni Waislamu, na siku yao huingia na magharibi. Jua la Jumanne likizama, kwao hiyo ni Jumatano. Kibadilishi kiliuona mstari ule, kikadhani ni kiraka cha kosa la tarehe ambalo toleo jipya linalirekebisha lenyewe. Kikaufuta. Nikaendesha majaribio, yote yakawa kijani, yaani yamefaulu. Majaribio yote nilikuwa nimeyaandika yakijifanya ni saa nne asubuhi, kwa sababu saa nne asubuhi ndipo mimi ninapokaa kazini na chai yangu. Hakuna hata moja lililozamisha jua. Nikaliweka toleo jipya hewani, nikaenda kula chipsi.

Wakati huo pampu ilikuwa kwa fundi Mlandizi, wiki ya pili. Ilirudi Jumanne, nyanya zimeshaanza kujikunja majani. Nami nilikuwa nimekwenda kuwasalimia wazazi. Magharibi baba aliswali pembeni ya shamba, akakunja mkeka, akaelekeza maji kwenye mfereji wake. Zamu yake ni Jumatano, na Jumatano ilikuwa imeingia. Simu hakuitazama. Yeye daima alisema hahitaji simu imwambie jua limezama.

Mara akaja mjomba, kaka yake mama. Mjomba ni mtu wa Maneromango, Kisarawe. Alimfuata dada yake huku, baba akamkatia kipande jirani na chake. Zamu yake ni Jumanne. Alikuja na jembe begani, simu ameinyanyua juu.

"Shemeji, toa mkono kwenye pampu. Ujumbe ninao mimi."

"Leo Jumatano."

"Simu inasema Jumanne."

"Basi kaimwagilie hiyo simu yako."

Mjomba aligeuza jembe, akampiga kwa mpini. Mkono wa kulia wa baba ulivunjika, nikausikia ulivyolia, kama muhogo mkavu. Akaangukia mferejini. Watu walikuja mbio wakipiga kelele, mwizi wa maji, mwizi wa maji, wakaanza kumpiga mateke akiwa kwenye tope. Mwenyekiti naye alikuwemo. Sheria ilikuwa upande wao, na sheria niliitunga mimi.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Nilimpiga ngumi ya mdomo, nikampiga ya pili, na kwenye ile ya pili nikasikia jino limeachia na kidole changu kimechanika. Nilifurahi. Sitadanganya, nilifurahi sana. Huyu ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani kila nilipokwenda kwa bibi Maneromango. Nikamnyang'anya simu niitupe majini, na kioo chake kilikuwa bado kinawaka: "Leo ni Jumanne. Zamu ni yako."

Nilielewa palepale. Nikaiweka simu kwenye tope karibu na mkono wake, nikamwinua baba.

Baba alifungwa plasta. Kikundi kikatangaza mkutano Ijumaa baada ya swala, kumwondoa kwenye pampu. Bila pampu hakuna shamba, na jina la mwizi halitoki kijijini hata ukifa. Mama alikuwa katikati. Mumewe amevunjwa mkono na kaka yake, kaka yake ametolewa jino na mwanawe, na kila mmoja anaapa kwa Mungu kwamba zamu ilikuwa yake.

"Mwanangu," aliniuliza, "kati ya hawa wawili mwongo nani?"

"Sijui, mama."

Nilirudi Tangini, nikaandika jaribio moja jipya: Jumanne, saa moja jioni. Likawa jekundu. Niliupiga ukuta ngumi hadi kile kidonda cha kidole kikafunguka tena. Kisha nikaurudisha ule mstari, jaribio likawa kijani. Kazi ikawa imekwisha. Hakuna mtu bondeni ambaye angejua, na kwa siku mbili nzima nilikusudia wasijue.

Alhamisi mwenyekiti alinipigia simu nikamlete mjomba, maana alikuwa shahidi na alikuwa amekimbilia kwao. Nilikwenda na pikipiki yangu hadi Maneromango, barabara yote mashimo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mdomo ulikuwa bado umevimba.

Alilala na hasira zake, asubuhi akapanda nyuma yangu. Tulipoipita Kisarawe mjini akasema karibu na sikio langu, taratibu, "Kwani si wewe uliyetuambia tufuate simu?"

Nilitamani anipige hapohapo nikiwa naendesha, tuanguke wote.

Mkutanoni mwenyekiti aliuliza ujumbe alikuwa nao nani. Mjomba akanyoosha simu. Baba, mkono shingoni, alitazama chini, akasema, "Mimi si mwizi," basi. Alisema kama mtu ambaye ameshachoka kuambiwa anadanganya.

Nikasimama. Niliwaambia kwamba simu ilikosea, na aliyeikosesha ni mimi. Nilieleza ule mstari, jinsi ulivyofutwa na mashine niliyoiandika mwenyewe, na kwamba niliyajua hayo tangu jioni ileile, kabla damu ya mjomba haijakauka mkononi mwangu. Baba hakuiba. Mjomba hakudanganya. Mwenyekiti alishika lile sikio lake lisilokuwepo.

Baba aliinuka polepole, akaja mpaka mbele yangu. Akanizaba kofi kwa mkono wa kushoto, mbele ya kikundi kizima, masikio yakavuma.

"Hilo ni la jino la mjomba wako," alisema. "Mkono wangu nimekusamehe."

Mjomba alimtazama shemeji yake. Kisha akacheka, pengo likaonekana.

"Shemeji," alisema, "lile lilikuwa jino la mbele."

Baba akanizaba la pili.