Okidi za Mwalimu na Jua la Mwezi wa Sita

Mwalimu alinikabidhi okidi zake siku ya Jumatatu, akiwa amekwisha kuvaa koti la kwenda hospitali. Alikuwa Mkenya, mjane, aliyefundisha chuo kikuu hapa Johannesburg mpaka akastaafu. Mimi nilikuwa mpangaji wake, mshonaji kutoka Bukavu, nikiishi mwaka wa nne katika chumba cha uani kwake, Kensington. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wasiojua Kiswahili.

Okidi zilikuwa tisa, zimepangwa juu ya meza ndefu katikati ya sebule, mbali na dirisha.

"Maji mara moja kwa wiki," aliniambia. "Asubuhi, kwenye mizizi tu. Yasituame katikati ya majani. Mengine yote yaache kama yalivyo."

Akaigusa moja iliyokuwa na kikonyo kirefu chenye matumba sita, bado yamefumba. "Hii nyeupe alininunulia mzee wangu mwaka aliofariki. Nikirudi nitaikuta imefunguka."

Alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo. Neno hilo hakulitaja, nami sikulitaja. Binti yake, anayefanya kazi benki, alikuwa anamsubiri garini. Binti huyo alizaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza.

Jumatano baridi kali iliingia mjini. Nyumba isiyo na mtu hupoa haraka, na sebule ile yenye sakafu ya mbao ilikuwa baridi kuliko nje. Niliyashika majani ya okidi, nikayakuta kama sahani zilizotoka kuoshwa. Nikaingiwa na huruma. Dirisha kubwa la sebule linatazama kaskazini, na jua lilikuwa linamiminika pale mpaka sakafuni. Nikazibeba zote tisa, moja baada ya moja, nikazipanga kwenye kizingiti cha dirisha, majani yakikaribia kugusa kioo. Nilitoka nikijiona nimefanya jambo la akili.

Kwetu Bukavu jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Mtu haulizi liko upande gani. Huku sivyo. Wakati wa joto jua hupanda juu ya paa, na dirisha la kaskazini hubaki na kivuli. Baridi ikija, linatembea chini chini, linaingia ndani mpaka ukuta wa nyuma, na wingu huwezi kuliona kwa wiki nzima. Miaka mitatu nilikuwa nimelipa mgongo jua hilo nikishona, nikilishukuru, bila kujiuliza linaweza kufanya nini kingine.

Siku tatu zilizofuata nilikuwa dukani Troyeville, nina gauni la bibi harusi na magauni ya wapambe wake. Niliporudi Jumamosi mchana na kufungua mlango wa sebule, kitu cha kwanza kilichonipokea kilikuwa joto. Nilishika jani moja nikaondoa mkono. Lilikuwa la moto kama kitambaa kilichotoka chini ya pasi. Majani mengi yalikuwa na mabaka meupe, yaliyochujuka kama nguo iliyomwagikiwa na dawa ya madoa. Okidi moja ya zambarau ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi katikati, na hapo peusi palibonyea nilipopagusa. Ile nyeupe jani lake la juu lilikuwa limeungua nusu, na matumba manne yalikuwa yamesinyaa na kuwa ya njano. Nililigusa moja. Likaanguka kiganjani.

Nikiwa bado nimelishika, simu ikalia. Alikuwa binti.

"Mama yuko hapa kando yangu, anauliza okidi zake," akasema kwa Kiingereza.

"Mwambie ziko salama," nikajibu.

Nilimsikia akilirudia neno hilo kwa mama yake, nikasikia na Mwalimu akishukuru. Simu ilipokatika nilikaa chini sakafuni. Upasuaji ulikuwa Jumanne iliyofuata.

Kwenye barabara kuu ya Kensington kuna mzee anayeuza miche na udongo wa maua. Nilimpelekea ile ya zambarau, nimeifunika kwa shuka. Aliigeuza geuza kwa muda mrefu.

"Hii imeungua na jua," akasema. "Kioo kinaongeza moto. Weka mkono wako kati ya dirisha na jani. Ukiona kivuli cha vidole kimekatika vizuri kama kwa mkasi, mwanga umezidi. Kivuli kikiwa laini, kama ukungu, hapo okidi inaridhika."

"Zitapona?"

"Palipoungua hapatakuwa kijani tena. Pakikauka, paache. Pakioza, kata, kwa kisu ulichokipitisha motoni. Na usizizidishie maji kwa sababu unajuta. Halafu ngoja."

Nilipitia dukani, nikarudi na vipande vya neti ya shela vilivyobaki kwenye kazi ya harusi. Nilivishona haraka haraka, nikavitundika dirishani. Nikaweka mkono juu ya meza. Vidole vyangu vitano vilionekana mezani, kila kimoja na ncha yake. Nikaongeza tabaka la pili, na vivuli vikayeyuka. Okidi nilizirudisha mezani, na ile ya zambarau nikaikata palipooza.

Jumapili binti alikuja bila taarifa kuchukua gauni la kulalia la mama yake. Aliona pazia, kisha akaona majani. Nilimweleza yote, nimesimama mbele yake kama mtoto wa shule.

Aliinama akaitazama ile nyeupe. "Kesho nitanunua nyingine kama hii," akasema. "Nitaiweka kwenye chungu hiki hiki. Hatajua."

"Atajua. Na hata asipojua, mimi sitaweza kukaa nyumba moja na maua hayo. Nataka nimpigie leo."

Akanishika mkono wa gauni langu. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamsikia akinizungumzia Kiswahili, polepole, maneno yakimponyoka ovyo. "Dada, usimwambie. Moyo yake haina nguvu. Tafadhali."

Nikakubali kunyamaza mpaka baada ya upasuaji. "Lakini nyingine usinunue," nikamwambia. "Akirudi nitamwambia mwenyewe." Alichukua gauni la kulalia akaondoka.

Jumanne nilishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, nikafumua, nikashona tena vilevile. Simu ya binti ilikuwa imezimwa. Alasiri ukaja ujumbe mfupi: wamemaliza, hajaamka. Jumatano: bado. Alhamisi alifungua macho lakini hakumtambua mtu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini niliingia sebuleni, nikaweka mkono wangu mbele ya dirisha, nikatazama kivuli. Nilikuwa nikiomba, na katika maombi yangu kulikuwa na ubinafsi, sitaficha. Nilimwomba Mungu amrudishe huyu mama ili nami nipate kuutua uongo wangu. Kama angekufa akiamini neno langu, ningeubeba mpaka mwisho.

Hakufa. Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, anatembea kwa mkongojo, binti amemshika kiwiko. Alisimama mlangoni mwa sebule.

"Nani ametundika shela dirishani kwangu?"

"Ni mimi, Mwalimu. Niliunguza okidi zako."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Alivaa miwani, akaenda mezani, akainua jani la ile nyeupe kwa kidole. Kikonyo kilikuwa na matumba mawili tu.

"Yalianguka lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Ile kabla ya upasuaji."

Akaliachia jani. "Jumamosi hiyo uliniambia ziko salama."

"Nilisema hivyo, Mwalimu."

"Mama, mimi ndiye niliyemkataza," binti akaingilia kwa Kiingereza.

"Wewe ulikuja hapa Jumapili kuchukua gauni langu. Nimeuliza habari ya Jumamosi." Kisha akanigeukia. "Kuunguza jani si kosa kubwa. Mwaka wangu wa kwanza na okidi niliua mbili kwenye dirisha hilo hilo, na nilipaswa kukuonya. Lakini kule nilipolala, kila nikiogopa nilifumba macho nikahesabu matumba sita. Nilikuwa nahesabu vitu ambavyo havikuwepo."

Akaniambia niende nikapumzike, kwa adabu ile inayouma kuliko tusi.

Siku tisa alinijibu salamu kwa kichwa tu. Ile ya zambarau ilikufa. Niliikuta kwenye pipa la taka uani, bila chungu chake. Nilianza kuulizia chumba kwingine, na mwenzangu mmoja wa dukani alikuwa tayari amenipatia kimoja mtaa wa Bertrams.

Siku ya kumi, Jumamosi asubuhi, binti aligonga mlango wangu. "Mama anakuita. Uje na mkasi wako mdogo."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na meza, blanketi magotini. Okidi moja ilikuwa imetolewa kwenye chungu, mizizi yake wazi juu ya gazeti. Mikono yake bado haikuwa na nguvu ya kushika mkasi. Aliniambia nikae, nikaupitisha mkasi motoni, nikakaa.

"Shika mzizi mmoja mmoja," akasema. "Uniambie unachokiona, si unachodhani nataka kusikia."

Nikashika wa kwanza. Ulikuwa mgumu, wa kijivu, ncha yake ya kijani. "Huu mzima."

"Endelea."

Wa pili ulibonyea katikati ya vidole, ukatoa maji ya kahawia. "Huu umekufa, Mwalimu."

"Kata," akasema, nami nikakata.