Pikipiki Iliyokataa Kwenda Kakuma

Nilijua hakuna la kunishangaza tena. Mimi niliyeacha shule darasa la tatu, nikajenga nyumba Lodwar kwa mikono yangu, nimwite fundi? Mwaka mzima nilifufua pikipiki kuukuu uani, nikijiona naelea kwenye barabara ya Kakuma, mchanga uking'aa kama maji.

"Baba Ekai, mwite yule fundi Mkongo wa sokoni akuwekee taiming, cheche ziwake kwa wakati wake," mke wangu alisihi. Nikacheka.

Siku ya kuiwasha nikachinja mbuzi, nikaita majirani. Injini ikaimba. Nikafumba macho, nikaingiza gia. Kumbe taiming mbovu ilikuwa imezungusha injini kinyume! Pikipiki ikanirudisha kinyumenyume hadi kwenye sufuria ya nyama, ikaiponda na kumwaga nyama yote mchangani.

"Mzee, Kakuma iko upande ule!" jirani akapaza sauti.

Mbuzi mwingine na sufuria mpya vilinigharimu shilingi 4,350.