Kibuyu cha Mdogo Wetu

Mama yetu mdogo, aliyekuwa ameolewa Lindi, alituita pwani kiangazi kimoja baada ya vita vya Majimaji. Ujumbe aliuleta mpagazi wa msafara uliobeba mpira wa mwituni kwenda kuuzwa: tushuke, tukae kwake mpaka mvua zikaribie, tupumzike na tule samaki. Neno hilo la kupumzika lilinisumbua tangu nilipolisikia. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na nyumba yetu ya watoto watatu ilinitazama mimi. Baba alichukuliwa na askari wa Mjerumani kubeba mizigo, hakurudi. Mama alikufa kwa njaa iliyokuja baada ya ghala za mtama kuchomwa. Shule ya misheni kule Masasi niliiacha nikiwa bado nafuata silabi kwa kidole. Ilipofunguliwa tena, mimi nilikuwa na jembe na wadogo wawili, wa kiume na wa kike, na yule wa kike alikuwa bado hajang'oka hata jino la kwanza.

Sisi tulikaa upande wa Newala, juu kabisa, na maji yalikuwa chini bondeni. Mtoto wa kwetu akishaweza kushuka mteremko bila kubebwa hupewa kibuyu cha kimo chake. Cha mdogo wetu kilienea katika viganja vyake viwili. Tulishuka kwa mstari: mimi mbele, yeye katikati, kaka yake nyuma. Mama alituachia sheria mbili za njia ile, kwamba hakuna wa kubaki nyuma, na kwamba mtu harudi kutoka majini na chombo kitupu. Kwa hiyo hata safari ya pwani tulikwenda na vibuyu vyetu, tukifuata msafara hadi bonde la Lukuledi na kuteremka nalo.

Lindi ilikuwa na joto la kunata. Nguo ilishika mgongo tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama mdogo," tulisema mlangoni.

"Marahaba, wanangu." Akatushika mikono mmoja mmoja, juu ya kiwiko, akipima nyama. Alipofika kwa mdogo wetu aliacha kupima akageuza uso.

Alitulisha wali wa nazi, kisha akatuambia twende ufukweni tukacheze. Bahari ilikuwa imejaa. Wadogo zangu walikimbilia ndani wakapiga kelele kila wimbi lilipowagonga magoti, na mimi nikasimama mchangani nisijue mikono niiweke wapi. Maji yote yale, na hakuna kilima cha kuyapandisha. Nilikuwa nimesikia kwamba yana chumvi, na niliyaonja nikatema. Lakini tulipoanza kurudi, kaka mtu akajaza kibuyu chake, mdogo wetu akajaza chake, nami nikainama nikajaza changu. Hakuna aliyeuliza. Tulitembea kwa mstari hadi nyumbani, tukaona mtungi mkubwa barazani, tukamimina.

Baba mdogo alirudi kutoka msikitini na kiu yake. Alipiga funda moja, kisha akatoka nje kwenda kutema.

"Mke wangu," alisema, "leo umetia chumvi na kwenye maji?"

Mama mdogo alionja, akatutazama sisi, akatazama vibuyu vilivyokuwa bado vinachuruzika. Akacheka mpaka akashika nguzo. Jirani mmoja akachungulia kuuliza kuna nini.

"Wageni wangu wamenihamishia bahari," alimjibu.

"Waambie wasichoke," jirani akasema. "Imebaki nyingi."

Nilicheka nao, lakini mtungi niliuosha mimi, na kuanzia siku ile sikuweza tena kukaa. Kisima kilikuwa uani, hatua chache tu, nami niliamka kabla ya jogoo ili nikiwahi, nikihofu wengine watakimaliza. Nikishachota, nilifagia. Nikishafagia, nilitafuta kuni ambazo hazikuhitajika. "Kaa chini, mwanangu," mama mdogo alisema. Nilikaa, na nikiwa nimekaa nilitazama upande wa magharibi kama kuna wingu. Mvua ya kwanza ikitukuta huku, shamba litapandwa na nani? Wadogo zangu walizidi kung'aa. Mdogo wetu alipata mashavu. Mama mdogo alimsuka nywele, akampaka mafuta ya nazi, akamkatia kipande cha kaniki, na kibuyu chake kikaanza kulala peke yake pembeni ya kitanda.

Siku moja mama mdogo alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, mimi nachambua mchele. Alisema bila kuinua macho:

"Huyu mdogo niachie."

"Kwa muda gani, mama mdogo?"

"Mtoto haachwi kwa muda. Anaachwa. Mimi sina mtoto, na wewe huna chakula. Kama nasema uongo niambie."

Hakusema uongo. Tena kwa desturi yetu watoto ni wa upande wa mama, na mjomba, ambaye angetoa neno, hakurudi kutoka vitani. Neno lilikuwa la mama mdogo. Mimi nilikuwa na sheria mbili tu za njia ya maji, na pale kisima kilikuwa uani.

"Nimesikia," nilisema. Kwetu kusikia si kukubali, naye alijua.

Kaka mtu alikuwa amesikia pia, nyuma ya ua. "Akibaki huyo, na mimi nabaki," aliniambia. "Huku kuna samaki. Wewe rudi ukaongoze mstari wa mtu mmoja."

"Mstari wa mtu mmoja hauna wa kulalamika njiani," nilimjibu, nikaenda kufagia mahali nilipokwisha kufagia.

Mtoto sikumwambia neno. Kumwambia kungekuwa kumfundisha kulia, na sikutaka kumshinda mama mdogo kwa machozi ya mtoto. Wala sikutaka kutoroka naye. Nilingoja msafara wa kurudi bara, na mawingu yakaanza kuonekana.

Asubuhi ya kuondoka nilifunga mzigo wangu, nikajaza kibuyu kisimani, nikasimama uani nikitazama njia. Nyuma yangu nikasikia kaka mtu anavuta miguu, na kibuyu chake kinagonga paja. Alikuja akasimama mahali pake pa siku zote, akiacha nafasi katikati. Kisha mdogo wetu akatoka ndani na kile kipande cha kaniki. Alikwenda kisimani, akachota, akajaza kibuyu chake mpaka kikafurika, akaja akaingia katika nafasi ile.

Mama mdogo alikuwa mlangoni. "Nani amekuambia unaondoka?"

"Hakuna," mtoto alisema. "Dada amesimama."

Mama mdogo alishuka barazani, akachuchumaa mbele yake, akakichukua kibuyu. Nilidhani anakirudisha ndani. Alikiinamisha taratibu, akamwaga maji mpaka yakabaki nusu, akakifuta kwa ncha ya kanga yake na kumrudishia.

"Kikijaa kitakuchosha kilimani," alimwambia. "Mama yenu alikuwa akinipunguzia hivi kila siku, akibeba yangu juu ya yake."

Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya kugomba, "Kiangazi kijacho umlete. Na ukae chini."

"Nitamleta, mama mdogo." La kukaa chini sikulijibu.

Tulipopumzika mara ya kwanza, jua likiwa kali na bahari haionekani tena, mdogo wetu alitupatia kibuyu chake tunywe. Maji yalikuwa ya kisimani, lakini ndani ya kibuyu chumvi ya siku ile ilikuwa haijatoka. Tulikunywa kwa zamu. Kaka mtu akanitazama, nikamtazama, na hakuna aliyetema. Nilikuwa wa kwanza kusimama.