Mpiga Kengele na Jogoo wa Sadaka

"Mimi siombi msamaha, naombwa!" mpiga kengele wa misheni alijigamba kilabuni, mbele ya watu. Kila Jumapili hutemea viganja mate, akavuta kamba utadhani anaangusha fahali. Mkewe, Modesta, humtazama kwa huzuni: kaka yake, Stefano, ameisusia kengele hiyo tangu mfereji wa shamba lake ulipogeuzwa.

Jumapili moja padri akahubiri: acha sadaka yako madhabahuni, kapatane kwanza na ndugu yako. Loo! Mpiga kengele akamtua jogoo wake wa sadaka palepale madhabahuni, akatimka mtelemkoni hadi shambani kwa Stefano, Modesta nyuma, roho juu.

"Shemeji! Maji yako niliyageuza mimi! Nisamehe!"

"Nilijua, zuzu wee. Nilikuwa naingoja miguu yako tu."

Wakapanda wameshikana mikono, Modesta akipiga vigelegele; kanisani jogoo anawika, padri anamkimbiza. Si ajabu: jogoo kama yule, sokoni Morogoro, alikuwa hela ishirini, sarafu za Mdachi aliyetawala wakati ule.