Migomba ya Krismasi Getini Kwetu

Jamani, hata leo nikipita njia ya kanisani hapa Mlola natazama chini, maana kila ninayekutana naye lazima aniulize, "Rehema, leo unaolewa?" halafu acheke mpaka ajishike kiuno, na sina wa kumlaumu, aibu hii niliipika mwenyewe nikaipakua mwenyewe.

Ilikuwa Krismasi. Mama alishasema mwaka huu hatutaki makubwa, tunakula sisi wenyewe, kuku mmoja, wali, na makande ya baba (baba bila makande hajala, hata umpe nini). Sababu ni kwamba tulikuwa na mgeni: Elia, fundi seremala wa Magamba, mchumba wangu wa mwaka mzima, anakuja kwa mara ya kwanza kuwasalimia wazazi. Kimya kimya, bila mshenga wala majirani, ili baba amtazame kwanza. Baba akimkubali, mambo yanaendelea. Akimkataa, basi tena. Kwa furaha na hofu, hata chai ya asubuhi ilinishinda.

Wazazi walipokwenda ibadani nikabaki kupika na kupamba. Nikakata karatasi za rangi nikaunganisha minyororo, nikapuliza maputo, nikachomeka maua kwenye makopo ya maziwa, tawi la msaiprasi nikalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, sebule ikapendeza hadi nikaanza kuimba peke yangu. Sasa ningeishia hapo, si ningekuwa mtu na heshima zangu? Nikatoka nje, nikaona geti letu (nguzo mbili tu, geti lenyewe bado liko kwenye mipango) limepooza, na nyuma ya jiko imelala migomba ambayo baba aliikata jana yake baada ya kuvuna ndizi, mizuri, majani hayajachanika. Nikaiburuta, nikasimamisha mmoja huku, mwingine huku, nikaifunga na maua.

Mnacheka? Najua. Hata mtoto mdogo wa kwetu anajua migomba ikisimama getini hapo kuna harusi. Na mimi najua hivyo tangu nipate akili, ila siku ile nilichokuwa nakiona ni Elia tu anapita katikati yake.

Wa kwanza kuiona alikuwa Mama Zubeda, jirani yetu, yeye ni Mwislamu kwa hiyo hakuwa kanisani, alikuwa shambani kwake anang'oa karoti. Nikasikia kigelegele. Nikadhani anatutakia sikukuu njema, nami nikamjibu kwa kigelegele (hapo ndipo nilipojimaliza). Akaja mbio na beseni la karoti, machozi yanamtoka.

"Rehema mwanangu, unaolewa sisi tunaambiwa na migomba?"

"Mama Zubeda, si harusi, ni mapambo tu!"

"Nyamaza, mwali hasemi," akaniambia, akavua kanga yake akanifunika kichwani.

Na hapo ndipo kanisa likatoka. Kwaya ilipoona migomba ikakunja kona na ngoma yake, uwanja ukajaa, kila nikikana wananiambia mwali hasemi. Mama akafika amekumbatia Biblia. "Nani anaolewa nyumbani kwangu?" Baba alivua kofia akakaa kwenye benchi, na kwa baba hiyo ni mbaya kuliko kelele.

Hapo bodaboda iliyombeba Elia ikatokea. Dada mmoja wa kwaya akamkimbilia, "Karibu harusini!" Nikamwona anauliza, nikaona anaonyeshwa mimi na kanga yangu kichwani. Akamkabidhi yule dada kikapu cha matunda ya plamsi alichotuletea, akamgusa dereva begani, pikipiki ikageuka.

Nilikimbia. Barabara yetu inashuka kwa kuzungukazunguka, kwa hiyo nikakata moja kwa moja shambani, naruka matuta ya kabichi (za Mama Zubeda), kiatu kimoja kikabaki huko, nikatua kona ya chini kabla ya pikipiki, tope mpaka shingoni.

"Siolewi!" nikapiga kelele. "Siolewi na mtu, Elia, ninayemtaka ni wewe!"

Ndugu zangu, milima yetu haina siri. Sauti ilipanda yote, na kule juu walikuwa wamejipanga kwaya nzima, mama, na baba yangu mzazi. Ngoma ikanyamaza.

"Na migomba?" Elia akauliza.

"Mapambo ya Krismasi."

Alicheka mpaka akakaa barabarani. Tukapanda kwa miguu, mimi na kiatu changu kimoja, na mbele ya watu wote akainama. "Shikamoo, baba."

Baba akamtazama. Akanitazama mimi na tope langu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye mgeni niliyeambiwa anakuja kimya kimya?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko, na baba akasogea kwenye benchi. "Kaa hapa, ule makande."

Nililia kwa furaha hadharani, sioni haya kusema. Kuku wetu hakufika popote, kina mama wakakimbilia majumbani kwao wakarudi na masufuria, Mama Zubeda akapika karoti zake, tukala mpaka plamsi zikaisha.

Harusi yenyewe ni baada ya Pasaka. Migomba ataisimamisha Mama Zubeda, mimi nimekatazwa hata kulisogelea geti, na nimeapa mbele ya mama kwamba tangu sasa mimi na mgomba tunakutana kwenye ndizi tu. Baba peke yake ndiye aliyeniuliza jana, kwa sauti ya chini, kama safari hii niko tayari kunyamaza kama mwali.