Njia ya Maji ya Teinai

Teinai hakujua kutulia. Wanawake wenzake wa Banaba, kisiwa chetu kidogo cha bahari ya Pasifiki, walipokaa kusuka mikeka, yeye alisuka kidogo, akainuka, akaizunguka nyumba, akarudi. Tangu Kampuni ya wageni ianze kuchimba fosfeti, udongo wa mbolea, hata mikeka aliiacha.

Mahali pekee alipotulia ni pangoni. Kisiwa chetu hakina mto. Maji ya kunywa yamo chini ya miamba, na wanaoshuka kuyachota ni wanawake tu. Teinai alitambaa gizani kwa tumbo, mwenge mkononi, vifuu vya maji vikimgongagonga mgongoni. Mlango wa pango kila mtu aliujua. Njia ya ndani ndiyo iliyokuwa siri, na mama yake alimwapisha kabla ya kufa: mwanamume akijua inakopita, maji yatakimbia.

Sasa, akiwa kule chini, alisikia sururu juu ya kichwa chake, na kila siku zilizidi kukaribia. Wale waliokuja na meli walitaka udongo wetu ukarutubishe ngano yao Australia. Minazi waliing'oa, mifupa ya babu zetu waliisukuma kando, na bado hawakushiba.

Mumewe, Kaiwa, alikuwa kibarua wao.

"We mwanamke, niambie pango linapita wapi," alimwambia wakila samaki. "Nitamwomba msimamizi tulikwepe."

"Msimamizi akusikilize wewe? Hata jina lako halijui!"

"Basi kalieni siri yenu. Kiu ikija mtainywa."

Teinai alicheka. Nusura amwambie, kisha akakikumbuka kiapo. Alimwogopa marehemu mama yake kuliko alivyoiogopa Kampuni. Wapo wanaomlaumu hadi leo, na mimi wananiudhi. Kwani sururu alishika yeye?

Kesho yake alikuwa amepiga magoti majini pango lilipotikisika. Mawe yakaporomoka, vumbi likajaa, kisha jua likaingia. Tunduni juu kikachomoza kichwa cha Kaiwa.

"Teinai! U mzima?"

Teinai alikuwa akiyachota maji kwa viganja, haraka haraka, nayo yalikwisha kuwa meupe kama tui.

Baada ya hapo tulikunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi na mtambo wa Kampuni, tukipanga foleni kwenye bomba lao. Waliokuja kuchukua udongo wakawa ndio wenye maji. Teinai hakuzoea. Hata nywele zilipokuwa nyeupe, kila alfajiri aliamka, akabeba vifuu vyake, akaenda ukingoni mwa shimo la Kampuni, palipokuwa pango, akarudi navyo vitupu.

Siku moja Kaiwa alimfuata.

"Mke wangu, unatafuta nini huku?"

"Uliniuliza njia inapita wapi," alisema Teinai. Akanyoosha kidole kwenye shimo lililokuwa jeupe, kavu, pana hadi upande wa pili. "Ilikuwa inapita hapo."