Mkono wa Karani

Kwa miaka ishirini na sita fundi mmoja wa sare za shule alishona katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ikiwa dirishani ili apate mwanga, na meza ndefu ya kukatia vitambaa ikiwa katikati. Mwaka wa ishirini na saba meza ilitolewa uani, kikaingia kitanda cha mumewe. Tangu hapo vitambaa vilikatwa sakafuni, naye akawa anakata akiwa amepiga magoti. Jirani yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha na ambaye hakuwahi kukosa neno, alimkuta siku moja katika hali hiyo akasema, “Jirani, siku hizi hatujui lini unasali na lini unapima suruali.”

“Hata mimi sijui,” fundi akajibu, mkasi ukiendelea na kazi.

Mumewe aliitwa Karani. Alikuwa karani wa ghala la nafaka mpaka alipostaafu, na hata kanisani, alikokuwa mzee wa kanisa, alienenda kama mtu mwenye funguo mfukoni. Kiharusi kilimkuta asubuhi akifunga kamba za viatu. Kilichukua ulimi wake na nguvu za upande mzima wa kulia. Kilimwachia macho, ambayo yalimfuata mkewe chumbani pasipo kumwambia lolote, na kilimwachia jambo moja la ajabu: kiganja cha kulia, ambacho hakikuweza kuinua hata kijiko, kilishika kitu chochote kilichokigusa na hakikujua kuachia.

Muuguzi aliyemtembelea kila Jumatano ndiye aliyeligundua, kwa kuwa alinaswa.

“Mzee, niachie koti, lina mwenyewe,” alisema. Kisha akamwonyesha fundi namna ya kumfungua: unakunja kifundo cha mkono polepole kuelekea ndani, unapitisha kidole gumba juu ya mgongo wa kiganja, na vidole vinalegea vyenyewe. “Na usije ukadhani anakung’ang’ania kwa mapenzi, mama. Hii ni mishipa tu. Ukimpa ufagio, atashika ufagio.”

“Mapenzi hayo hata yangekuja nisingeyatambua,” fundi akasema. “Miaka thelathini na nne hajanishika mkono barabarani.”

Muuguzi alicheka. Fundi alicheka pia, akarudi sakafuni.

Mwezi huohuo mchungaji alikuja na wazee wawili kumwombea mgonjwa. Aliweka Biblia yake kwenye kile kiganja, na kiganja kikafumba. Mchungaji alijaribu kuitoa kwa upole, ikakataa kutoka. Aliwageukia wenzake, macho yamemlowa. “Mnaona? Mwili umeanguka, imani imesimama.” Wazee wakaitika amina. Fundi alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hakusema kitu. Wageni waliondoka wakamwachia Karani ile Biblia, na siku ya pili yake fundi aliirudisha ikiwa imefungwa ndani ya kipande cha kitambaa cha kaki kilichobaki alipokata kaptura.

Kunyamaza kule kulimsumbua kuliko mtu angetarajia, maana alikuwa fundi wa namna yake. Katika mji ambamo kila fundi huwaambia wateja waje kesho, na kesho huwaambia waje kesho tena, yeye hakumwambia mtu Jumanne kama alijua ni Alhamisi. Hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake mahali ambapo watu wangeweza kuipima.

Walikuwa na watoto wanne. Kitindamimba, msichana, alikuwa msusi, na miaka tisa kabla ya kiharusi alikuwa ameolewa ofisini kwa msajili wa ndoa, na mwanamume aliyeachwa na mke wa kwanza. Alikuja nyumbani na cheti ili amwonyeshe babake. Karani alikisoma mlangoni mstari kwa mstari, akakirudisha. “Mzigo huu haupokelewi hapa,” alisema, na akafunga mlango taratibu, kama alivyofunga ghala.

Jioni ile, katika sala ya nyumbani, alitaja watoto kama kawaida yake kuanzia wa kwanza. Alipofika wa tatu, akasema amina. Fundi alifumbua macho, akamtazama. Karani alikuwa tayari anakunja miwani. Tangu siku hiyo jina la nne lilitajwa na fundi peke yake, akiwa amekanyaga cherehani, kwa kuwa mlio wake uliifunika sauti. Baada ya kiharusi ndipo alipoanza kuongoza sala mwenyewe. Alitaja wote wanne kwa sauti karibu na sikio la mumewe, akiyachunguza macho yale. Hayakuonyesha kitu.

Msusi alirudi Jumatatu moja ya mwaka wa pili wa maradhi. Alipiga hodi, akasimama kizingitini na viatu mkononi.

“Karibu, mwanangu. Ingia.”

“Miguu ndiyo iliyonileta, mama. Moyo nimeuacha stendi.”

Fundi alirudia sketi aliyokuwa anaipinda, akabana pini nne katikati ya midomo. Akaonyesha kiti kwa kichwa. Binti aliketi kando ya kitanda, akakitazama kile kiganja kwa muda mrefu, kisha akaweka vidole vyake ndani. Kiganja kikafumba.

“Baba,” alisema. Alijaribu kuvuta mkono kidogo, ukakazwa zaidi. Uso wake ukabadilika. “Mama, ananishika. Tazama, haachii.”

Akalia hapo kwa nusu saa, paji la uso likiwa juu ya ule mkono, akisema mambo ambayo fundi hakuyasikia yote. Pini zingeweza kutemwa. Fundi alizibana.

“Amenisamehe, mama?” binti aliuliza mwishowe.

Fundi alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. “Umekula?” akasema.

Alipokwenda jikoni kupasha maji, binti bado alikuwa ameshikwa, na fundi ndiye aliyerudi kumfungua, akijifanya anamgeuza mgonjwa ubavu.

Binti alirudi Jumanne, akarudi Jumatano jioni muuguzi akiwa amekwisha kuondoka. Alhamisi alikuja na kitambaa cha buluu, akataka gauni. “Jumapili nasimama kanisani,” alisema. “Natoa ushuhuda. Wale wote waliotazama chini baba aliponifungia mlango, wasikie kwamba amenipokea kwa mkono wake mwenyewe.”

“Jumapili hii?”

“Kwani gauni litashindikana?”

“Gauni litakuwa tayari,” fundi akasema, na huo ulikuwa ukweli.

Ijumaa nzima alilishona. Aliunga mkono wa kushoto mahali pa wa kulia, akafumua. Akaunga tena vilevile, akafumua tena. Aliomba huku anafumua, na hakuomba apate ujasiri. Aliomba mvua kubwa Jumapili asubuhi, ya kuzuia watu kwenda kanisani, kisha akaona haya kwa ombi lile.

Jumamosi adhuhuri binti alikuja kupimwa upindo. Fundi alipiga magoti, akazungusha pini kuanzia nyuma hadi mbele, akainuka. Alikwenda jikoni akarudi na mwiko. Akauweka kwenye kiganja cha Karani. Kiganja kikafumba. Alikunja kifundo, akautoa, akaweka rula ya mbao. Kikafumba. Akaweka kipande cha kaki. Kikafumba.

Msusi alisimama katikati ya chumba na gauni lenye pini. “Unanionyesha nini?”

“Kesho utasimama mbele ya Mungu na watu. Sikutaka usimame juu ya kitu hiki.”

“Umejua tangu lini?”

“Tangu alipoanza kuugua.”

“Na Jumatatu ulikuwa umekaa pale.”

“Nilikuwa pale.”

“Na pini mdomoni.”

“Na pini mdomoni.”

Binti alivua gauni pale pale, akivutavuta, pini zikamchora mapajani, akavaa nguo yake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. “Ungeniachia hiki kimoja. Miaka tisa yeye alisema, wewe ukanyamaza. Leo yeye hawezi kusema, ndipo na wewe umepata kinywa.”

Fundi aliliokota gauni. Macho ya Karani yalikwenda mlangoni pamoja na binti, yakarudi.

Jumapili mvua haikunyesha. Ulipofika wakati wa ushuhuda alisimama mzee aliyepona jicho, akasimama mama aliyerudi salama kutoka safarini. Mama Pacha, ambaye habari za ushuhuda wa msusi zilikuwa zimemfikia, aligeuka mara mbili kumtazama fundi, naye akaendelea kutazama mbele. Mlangoni, watu wakitoka, mchungaji alimpa mkono. “Karani wetu bado ameshikilia Neno?”

“Anashika kila kitu, mchungaji. Hata mwiko.” Mchungaji alicheka. “Siku ile ya Biblia ilinipasa nikuambie,” fundi akaongeza, “sikukuambia.” Mchungaji akaacha kucheka, akamtazama, halafu akamsalimu aliyefuata.

Fundi alipofika nyumbani alimkuta msusi ameketi kwenye ngazi ya mlango, viatu miguuni.

“Sikuja kanisani.”

“Nimeona.”

“Nionyeshe anavyofunguliwa.”

Wakaingia. Fundi akamwonyesha: kifundo ndani, polepole, gumba mgongoni. Binti alikosea mara tatu. Ya nne vidole vililegea, na ndani ya kiganja palikuwa na nyuzi za kaki, jasho la siku nyingi na harufu mbaya, kwani fundi alikuwa anapaosha kwa haraka. Binti aliomba maji ya uvuguvugu. Aliosha katikati ya kila kidole, akakausha, akakata kucha zilizoanza kuchimba nyama. “Geuka kidogo, mzee,” alimwambia, akiacha kumwita baba, akitumia neno ambalo mtu humwita nalo mzee yeyote asiyemjua.

Jioni fundi aliongoza sala, akataja watoto wanne. Msusi aliinama hadi mwisho. Amina hakuitika.

“Na gauni?” fundi aliuliza alipomsindikiza.

“Lipinde. Nitalivaa siku nyingine.”

“Litakuwa tayari Jumanne.”

Jumanne lilikuwa tayari, limepigwa pasi, likining’inia nyuma ya mlango. Kila juma, kwa miezi kumi na minne iliyobaki ya uhai wa Karani, msusi alikuja, akafungua kile kiganja, akakiosha, akakiwekea kitambaa safi kilichoviringishwa ili kucha zisimuumize. Alipita mbele ya gauni akiingia na akitoka. Hakuliulizia, na mamake hakumkumbusha.